Mhariri, nimekuta gazeti ndani ya gari yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako na naomba usicheke, maana barua hii ya kutu ya magari imeanzia kwenye gazeti, sio hili lako, au labda ndo hili lako, sikuweza kujua kwa sababu jina la juu lilikuwa limeshaoza. Jumamosi ya juzi nilikuwa nimelala chali juu ya kipande cha boksi chini ya gari yangu, Corolla 110 ya mwaka 1997, namba A, bisibisi mkononi. Nikawa nagongagonga na mpini wake pale chini ya mlango wa dereva, ule ubavu wa chini unaoukanyaga ukipanda, mahali pa kupigia jeki. Ko, ko, ko, nikasogea kidogo, pwa. Nikageuza bisibisi nikasukuma, ikazama yote kama nimechoma papai. Nikaanza kubandua puti, ile lipu ya kusawazishia bodi kabla ya rangi, likatoka bonge kubwa kama sahani ya ugali, na ndani yake Mhariri, gazeti. Limesokotwa likashindiliwa kama mtu anaziba tundu la panya. Ukurasa wa michezo. Nikaona nusu ya jezi ya njano na kijani na maneno "kocha asema", alafu hapo pamelika. Kocha alisema nini sijui mpaka leo.

Kazi ile nakumbuka niliifanyisha 2015 kwenye gereji bubu moja chini ya mwembe, kama zilivyo nyingi tunazoenda sisi watu wa kipato cha kuungaunga. Nilitoa laki tatu na nusu ya rangi, puti na bati jipya. Fundi akaniambia bosi kutu yote nimekata nimechomelea bati geji 18, hapa hata ukigongwa na fuso hapaachii. Nikapitisha kiganja, laini kama yai. Gari ilitoka inang'aa mpaka jirani akaniuliza nimeuza kiwanja gani. Kwa hiyo miaka yote hiyo mama watoto anapanda na kushuka, wajukuu wanapanda na kushuka, kumbe tunakanyaga habari za michezo. Jeki sikuwahi kupiga upande ule, pancha zangu karibu zote huwa za upande wa abiria, sijui kwa nini, nadhani Mungu huwa anapanga.

Huyo fundi nimeshamsamehe, alishahama na mwembe wenyewe umekatwa. Kilichonifanya niandike ni barua ya msomaji mwenzangu uliyoitoa wiki iliyopita, aliyetaka magari yote yenye kutu yatolewe barabarani hapa Dar kwa sababu yanaharibu sura ya jiji na yanahatarisha watu. Nilikubaliana naye nusu. Hiyo ya sura ya jiji namwachia mwenyewe. Ila hiyo ya hatari nimeifikiria sana nikiwa nimelala pale kwenye boksi, kwa sababu kwa kipimo chake yeye cha kutazama kwa macho, ule ubavu wangu wa chini ya mlango ungepita. Ulikuwa hauna hata doa. Na mzee mwenzangu wa mtaani kwangu Kigamboni ana Hilux ya zamani, bodi ya nyuma imetoboka mpaka ukipakia mchanga unaacha mstari njia nzima kama sisimizi, huyo kwa barua ile angenyang'anywa gari siku hiyohiyo. Nimeingia chini ya ile Hilux kwa macho yangu. Chesisi yake, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ni nzima, ukiigonga inalia kama kengele ya shule. Lile bodi la nyuma limefungwa juu kwa bolti tu, likioza lote ukalitupa gari bado inatembea. Corolla yangu haina chesisi ya peke yake. Hizi gari ndogo bodi lenyewe ndo chesisi, ule ubavu wa chini ya mlango ndo unaoshikilia mbele na nyuma visijikunje siku ukipata ajali. Sasa ubavu huo wangu ulikuwa wa karatasi.

Kwa hiyo swali la kutu kiasi gani inavumilika kwenye gari la zamani, mimi naona watu wanaliuliza vibaya. Wanauliza ni kubwa kiasi gani. Waulize iko wapi.

Mimi sio injinia. Nimekaa stoo ya vifaa vya ujenzi miaka zaidi ya ishirini mpaka nikastaafu, nimeshika nondo na bati kuliko nilivyoshika mkono wa mtu, na kwa nondo ndo nilijifunza kwamba kutu sio kitu kimoja. Nondo ikikaa nje wiki mbili inapata rangi ya chungwa, ukiishika mkono unabaki na vumbi. Fundi ujenzi hana shida na hiyo, anaifunga anamwagia zege, wala havigombani. Ikikaa misimu miwili inaanza kutoa magamba, unaipiga chini linaanguka ganda, hapo fundi mwenye akili anairudisha stoo na anakuja kugombana na mimi. Gari ni hivyohivyo ila kuna tofauti moja kubwa, nondo ya milimita 12 ina nyama ya kuliwa, bati la mlango wa gari ni kama milimita 0.7 au 0.8 tu. Ukiona magamba kwenye bati la namna hiyo jua upande wa pili hakuna kitu.

Na kutu ina ujanja wake. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja ndo kinaanza, kimoja kikikosekana haianzi, na chumvi ikiingia hapo ni kama umemwagia moto petroli. Kutu ikishazaliwa inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndo maana unaona rangi inainuka kama lengelenge kabla hujaona wekundu wowote. Ukiona lengelenge ujue mgonjwa kaumwa siku nyingi. Alafu haijifuniki yenyewe. Sufuria la aluminiamu nalo linashika hewa, ila lile utando wake linajiziba nao hapohapo, kutu ya chuma ni kama sponji, inanyonya maji inayaweka pale pale yaendelee kula. Ndo maana kupiga rangi juu ya kutu ni kuifungia maji ndani na kuiaga usiku mwema.

Sasa niambie mji gani una maji, hewa na chumvi kwa pamoja kuliko huu wetu. Mimi naishi Kigamboni, asubuhi kioo cha gari ukikipitishia kidole halafu ukalamba unapata chumvi, nimejaribu, wajukuu wamenicheka. Kunduchi na Msasani ni hivyohivyo, sema wao wana hela ya kubadilisha. Kwenye foleni ya pantoni siku ya upepo unafunga kioo, gari haina pa kujificha. Kuna vijana Jumapili wanaenda kuendesha gari kwenye mchanga wa ufukweni mpaka mawimbi yanapiga tairi wakipiga picha, nikiwaona naumia kama naona mtu anampa mtoto sumu. Na masika, pale Jangwani mto Msimbazi ukifurika, watu wanazamisha gari mpaka taa ili wawahi kazini, alafu jioni wanashangaa kapeti linanuka.

Ila adui mkubwa tunayemlipa kwa hela yetu ni maji ya kuoshea. Sehemu nyingi hapa Dar maji ya kisima ni ya chumvi, hata chai hayafai, sabuni haitoi povu, na hayo ndo sehemu kibao wanazoosha magari wanayatumia kwa sababu maji ya bomba ya dawasa yana bili. Kijana anaelekeza mpira chini ya gari, anapiga presha kwenye kila upenyo, anaosha kweli kweli, na unamwongezea buku kwa kazi nzuri. Umemlipa akumwagie bahari chini. Mimi siku hizi namuuliza kwanza, kijana maji haya ya wapi, akijikuna kichwa naondoka. Bora gari chafu.

Kitu kingine ambacho hakina gharama yoyote na karibu hakuna anayekifanya: chini kabisa ya kila mlango kuna matundu madogo, ukiinama unayaona, kazi yake ni kutoa maji ya mvua yanayoingia pale kioo kinapoteremkia. Yakiziba vumbi na majani ya mwarobaini mlango unakuwa ndoo. Utasikia ukifunga mlango kunacheza maji ndani, chwaa, watu wanadhani ni kitu cha kawaida. Chukua kipande cha waya, zibua. Mimi nimezibua ya gari la shemeji yangu likatoka jagi zima la maji, meusi, na kipande cha raba ya pembeni ya kioo kimo. Na kapeti pia linyanyue mara moja kwa mwaka. Raba ya kioo cha mbele ikichoka maji yanashuka kimyakimya yanaingia chini ya kapeti, lile sponji la chini linakaa na unyevu miezi, kutu inakula sakafu kutokea ndani wakati wewe unakagua nje. Nilipolinyanyua la kwangu nilikuta sarafu tatu za shilingi mia mbili, kalamu, maganda ya karanga na sakafu ya rangi ya chai.

Sasa nije kwenye kilichonitia adabu. Mwaka juzi asubuhi nateremka kwenda kupanda pantoni upande wetu, mbele yangu bajaji, ndani kina mama wa samaki na ndoo zao tupu wanawahi soko la Feri. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka kama nimekanyaga uji, ikagusa kapeti. Gari ikapunguza kidogo haikusimama, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili nikamwita Mungu kwa sauti, ikasimama kiganja kimoja nyuma ya ile bajaji. Dereva akageuka akaniambia mzee vipi, unatubusu? Kina mama wakacheka, na mimi nikacheka, miguu ikitetemeka. Kilichoniokoa ni kwamba breki za gari kama hizi zimegawanywa mafungu mawili, paipu moja ikipasuka fungu la pili linabaki na pumzi kidogo.

Fundi alipoinyanyua akanionyesha. Paipu ya breki ya kwenda nyuma inapita chini ya gari imebanwa na klipu, na pale kwenye klipu ndo tope na chumvi vinapokaa havitoki. Sehemu nyingine yote paipu ni nzima, pale kwenye klipu ukuta wake umelika ukawa mwembamba kama wa mrija wa soda ya chupa, na mafuta ya breki ya fungu hilo yametoka yote. Kipande kilichooza hakifiki hata urefu wa kidole gumba. Wiki mbili kabla ya hapo nilisimamishwa na trafiki, kijana mpole tu mwenye heshima, akanizungukia gari, taa, tairi, waipa, kizima moto, pembe tatu, bima, akaniambia mzee gari yako safi, nenda. Simlaumu, hata mimi nilikuwa najua ni safi. Faini yetu ingekuja kwa sababu ya taa moja ya nyuma isiyowaka, na hiyo ni sawa, lakini hakuna aliyewahi kuinama, na kuinama ndo kila kitu.

Mdogo wangu yuko Uingereza siku nyingi, anafanya kazi za usiku huko na ana kigari chake kikuukuu, nilipomsimulia akaniambia kaka huku ungefelishwa zamani. Wana ukaguzi wao unaitwa MOT, ulianza 1960, gari ikifika miaka mitatu inakaguliwa kila mwaka. Na kuhusu kutu wana kipimo nilichokipenda sana kwa jinsi kilivyo rahisi. Mkaguzi anachukua zile sehemu zinazobeba uhai, pale shokapu na springi zinapofungwa, pale usukani unapofungwa, breki, mikanda ya siti, alafu kuzunguka hapo ni sentimita 30. Ndani ya sentimita 30 hizo bati likiwa limelika mpaka nguvu imepungua, umefeli, hata kama gari nzima inang'aa. Anabonyeza kwa kidole gumba, anagonga na kinyundo chake kidogo, anasikiliza. Na ukiziba hapo kwa puti umefeli, ukipachika bati kwa ribiti umefeli, lazima lichomelewe mzunguko mzima. Ila fenda au mlango ukiwa umeliwa hana habari nao kabisa, labda pawe na ncha kali ya kumkata mtu anayepita. Yaani wenzetu wanaruhusu gari liwe baya la sura kama kinyago, mradi mifupa ni mizima. Sentimita 30 ni rula ya mtoto wa shule, Mhariri, sio mtambo wa kuagiza nje.

Sisi kipimo chetu tumekiweka kwenye miaka. Kenya gari iliyozidi miaka 8 hawaipokei, sisi tunaipokea ila ikivuka 10 unapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30. Sina ugomvi na ushuru, hela ya barabara lazima itoke mahali. Lakini kutu haijui kusoma kalenda. Kuna gari la miaka 25 limekaa Dodoma kwenye ukavu ule, ukilala chini yake unaona rangi ya kiwandani, na kuna gari la miaka saba limetoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, chini ni wekundu mtupu kama matofali ya kuchoma. Hili la pili ndo litakalopata unafuu bandarini.

Na wanaoagiza Japani niwaambie kitu alichonifundisha kijana mmoja wa yadi, mkweli kuliko wenzake. Ile karatasi ya mnada inayokuja na gari ina mchoro wa gari na herufi ndogondogo. A ni mkwaruzo, U ni pamebonyea, W pamenyooshwa, S ni kutu na C ni kutu iliyokula, na namba pembeni yake inakuambia ukubwa. Hiyo S inatoka kwenye neno lao sabi, maana yake kutu, mimi mwanzo nilidhani anasema sabini nikawa namuuliza sabini nini. Sisi wengi tunaangalia ile alama kubwa ya juu tu, 4, 4.5, tunafurahi. Wakati kutu ya chini ya gari huwa wameiandika kwa maneno, pembeni, kwa Kijapani, na hapo ndo tunapigwa. Mtafute mtu akusomee hayo maneno kabla hujatuma hela.

Ukinunua hapahapa ndo kazi zaidi. Dalali atakuambia hii gari ya bara mzee, haijawahi kuona bahari. Inama. Ukikuta chini pamepakwa dawa nyeusi kama lami, mbichi, inang'aa, na gari ni ya zamani, mimi huwa naaga. Hakuna mtu anayemtia mzee wanja kwenye nyayo bila sababu. Chukua na sumaku, ile ya kwenye spika mbovu inatosha, ivishe kitambaa isikwaruze, ipitishe kwenye bodi, penye bati inanata penye puti inaanguka. Sumaku yangu ilishaniaibisha siku moja, nilienda kumkagulia rafiki yangu Land Rover ya zamani Tabata, nikaweka kwenye mlango ikaanguka, fenda ikaanguka, boneti ikaanguka, nikamvuta pembeni nikamwambia ndugu yangu kimbia hili gari lote ni puti. Mwenye gari akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Land Rover bodi ni aluminiamu tangu zilipoanza 1948, Waingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Ila chesisi yake ni chuma, inaoza chini huku juu panakutazama tu, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu napo pana ugomvi wake. Rafiki alinunua. Chesisi tuliigonga yote, ikalia vizuri.

Wapo watakaosema mzee haya yote ni hela. Hapana, na hapa ndo naomba nieleweke. Nimeshatengeneza ule ubavu wa chini ya milango, kulia na kushoto, fundi mwingine, mtaratibu, nimekaa naye kwenye stuli tangu asubuhi nikiangalia kila kinachoingia. Amekata na grenda mpaka akafika kwenye chuma cheupe, sio anapofikia kuchoka, mpaka cheupe. Amekata bati, amelikunja kwa nyundo kwenye kipande cha reli, amechomelea mzunguko mzima, amepaka redoksaidi ya kuzuia kutu ndani na nje, na matundu ya maji ameyaacha wazi. Tukapasha grisi kidogo tukaimimina ndani. Oili chafu nimeikataa ingawa wengi wanaisifia, inadondoka sakafuni, inakula raba za bushi, na ni uchafu tu uliotoka kwenye injini. Pande zote mbili laki moja na sitini. Haifiki hata nusu ya ile hela niliyotoa mara ya kwanza. Rangi sijapiga. Ubavu umebaki na mstari wa kahawia kama gari imefungwa kanga, na mama watoto amesema haingii nayo kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Yule fundi wakati anaosha mikono akaniambia, mzee si wanasema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, wako ndani kipande cha gazeti.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika wiki iliyopita, kama na wewe una gari naomba kabla hujaangalia za wenzako uinyanyue yako kwa jeki nzuri, uiwekee na stendi au magogo, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, alafu ugonge. Na hao trafiki wanaotubandikia stika wiki ya Nenda kwa Usalama, wakipata tochi moja na kinyundo kimoja kwa kila kituo mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, hata kama yangu itafelishwa.

Mlango wangu wa nyuma kushoto una kutu pia, ukubwa wa kiganja, imeshatoboka unaingiza kidole. Fundi aliniuliza tuuzibe? Nikamwambia achana nao.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye Corolla namba A,
Kigamboni, Dar es Salaam